Mpimaji wa Pili Kando ya Mizani

Leo nataka tuzungumze habari za kompyuta, lakini nitaanzia kwenye pamba. Nimerejea juzi kutoka Bariadi, na huko ni vigumu kuzungumza jambo lolote la haki ya mtu bila kuigusa pamba.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Wengi wao ni wakulima na wafugaji. Ukikaa na wazee wa huko na kuwauliza habari za pamba ya zamani, hawakawii kukufikisha kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, nchi hii ilipokuwa ikiitwa Tanganyika, mkulima wa Usukumani alifikisha mzigo wake kwa mnunuzi, mnunuzi akaupima kwenye mizani yake mwenyewe, akaisoma mwenyewe, akataja ratili mwenyewe, kisha akalipa. Mkulima aliyeona kwamba mzigo umepungua hakuwa na la kuonyesha. Alikuwa na manung'uniko tu, na manung'uniko hayana uzito mbele ya namba.

Walichofanya wakulima wale ni jambo la busara sana. Hawakuvunja mizani wala kuvamia ghala la mtu. Waliweka wapimaji wao, watu wanaojua kusoma namba, ili nao wapime na kuandika. Harakati hizo za mizani ni miongoni mwa mizizi ya ushirika wa Kanda ya Ziwa, ambao mwaka 1955 ulizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, marehemu Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu.

Sasa basi, ndugu zangu, kwa nini nawarudisha huko? Kwa sababu siku hizi haki nyingi za mwananchi zinapita kwenye mizani ya namna nyingine, nayo ni fomu ya intaneti. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, anayetafuta kazi serikalini, anayetaka namba ya mlipa kodi au nafasi ya chuo, wote hawa huandika kwenye ukurasa, hubonyeza neno "Tuma", kisha husubiri. Mizani ipo, lakini anayeisoma ni mmoja tu.

Mjini Bariadi, kama ilivyo katika miji yetu mingi, kazi hii hufanyika steshenari. Watu hutoka Mwanhuzi, Lagangabilili na Nyashimo wakiwa na bahasha za vyeti, hulipa nauli, hulipa na ujira wa kujaziwa fomu. Katika steshenari moja nilikuta habari iliyonisikitisha. Kulikuwa na fomu ya ofisi moja, ambayo jina lake halina haja hapa, iliyokuwa inakataa kwenda. Ukibonyeza "Tuma", kiduara kinazunguka, kinazunguka, wala hakiishi. Hakuna neno la kukubaliwa wala la kukataliwa. Wenye duka walikuwa wakiwaambia wateja, "Mtandao unasumbua, rudini kesho." Wengine walirudi mara tatu. Kijana mmoja kutoka Meatu alirudi siku ambayo dirisha la maombi lilikuwa limekwisha fungwa.

Mhudumu wa duka lile, kijana aliyesomea kompyuta ngazi ya stashahada, hakuridhika na jibu la mtandao. Akaniambia, "Mzee, mtandao ukisumbua unasumbua kurasa zote. Huu unasumbua ukurasa mmoja tu." Kwa hiyo akaketi usiku mbili, akatengeneza programu ndogo ya kuchungulia ukurasa ule unafanya nini. Nilimwomba anieleze hatua kwa hatua, na maelezo yake ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza lazima tufahamu kwamba ukurasa wa intaneti haufanani na karatasi. Karatasi ukiishika imekwisha andikwa. Ukurasa wa intaneti hufanya kazi muda wote ulio mbele yako. Unapoandika anwani, kivinjari chako, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, hupeleka ombi kwa kompyuta ya mbali inayoitwa seva. Seva hurudisha maandishi. Ndani ya maandishi hayo mna maagizo: leta picha hii, leta mapambo yale, leta na programu fulani. Kila agizo huwa ombi jipya, na ukurasa mmoja unaweza kupeleka maombi mia moja kabla hujamaliza kusoma kichwa chake.

Halafu kuna zile programu zinazoletwa pamoja na ukurasa. Nyingi huandikwa kwa lugha ya JavaScript, ambayo Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliibuni mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi hivi. Programu hizo huendelea kupeleka maombi kimyakimya hata baada ya ukurasa kutulia mbele ya macho yako. Nyingine huuliza seva kila baada ya sekunde chache kama kuna habari mpya. Nyingine hupeleka taarifa kwa makampuni ya kuhesabu wageni na ya matangazo. Wewe uliyenunua bando unashangaa limekwisha, na kumbe ulikuwa unasoma aya tatu tu.

Kila ombi linapojibiwa, jibu huja na namba ya tarakimu tatu. Namba 200 maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa. Namba 403 maana yake huruhusiwi. Namba 404, kilichotafutwa hakipo. Namba 413, mzigo ulioleta ni mkubwa kupita kiasi kinachopokelewa. Namba zinazoanza na 5, kama 500 na 503, husema kwamba hitilafu iko upande wa seva yenyewe. Na kama hakuna jibu lolote, hapo ndipo unapoweza kuanza kuushuku mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, kwa mfano, nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu, maombi mengi kutoka Tanzania yalikuwa yakipotea njiani bila kurudi na namba yoyote. Hali hiyo ni tofauti kabisa na ya seva iliyojibu ikakataa. Lakini mwananchi aliyekaa mbele ya kioo huona kiduara kile kile.

Wataalamu wa Kiingereza wameizoea hitilafu ya programu kwa jina la mdudu. Jina hilo mafundi walilitumia tangu zamani, lakini lilipata umaarufu kutokana na kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, pale Chuo Kikuu cha Harvard, nondo halisi alipokutwa ndani ya mtambo wa kompyuta, akabandikwa kwenye daftari la kazi. Mkulima wa pamba wa Maswa hashangazwi na jina hilo. Yeye huingia shambani akafunua vitumba kimoja kimoja kutafuta funza, maana anajua kwamba ukiuangalia mmea kwa nje tu utaona majani ya kijani.

Vyombo vya kufunulia vitumba vya ukurasa vipo, tena vya bure. Mwezi Januari 2006 Joe Hewitt alitoa kiitwacho Firebug, kilichobandikwa kwenye kivinjari cha Firefox, na mafundi wa dunia nzima wakakipenda mno. Kazi ya Firebug ilikoma mwaka 2017, kwa kuwa vivinjari vyenyewe vilikuwa vimekwisha wekewa vyombo vya namna hiyo. Ukiwa na kompyuta yenye Chrome, Firefox au Edge, bonyeza kitufe cha F12 na utaviona. Nilimuuliza yule kijana, kwa nini basi hakutumia hivyo? Akanijibu kwamba yeye anavitumia, lakini wahudumu wenzake wawili hawavielewi, vimejaa Kiingereza na namba, tena huwa havijafunguliwa wakati tatizo linapotokea. Alitaka mpimaji anayesimama kazini tangu asubuhi, anayeandika mwenyewe, na anayesema Kiswahili.

Kitu alichokitengeneza huitwa kiendelezi, yaani programu ndogo inayobandikwa kwenye kivinjari ili kukiongezea kazi. Hakihitaji mtambo wa gharama. Ni mafaili machache ndani ya folda moja, yaliyoandikwa kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Kina sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni faili la utambulisho, linaloitwa manifest.json. Lifikirie kama barua ya mtendaji wa kijiji. Linasema jina la kiendelezi, toleo lake, na ruhusa kinazoomba. Humo ndimo hutajwa tovuti zipi kinaruhusiwa kuziangalia. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo penye hatari kubwa.

Sehemu ya pili ni msikilizaji anayekaa nyuma ya pazia. Kivinjari kina mlango unaoitwa webRequest, na kiendelezi chenye ruhusa kinaweza kusimama hapo na kuarifiwa kila ombi linapoondoka na kila jibu linaporudi. Msikilizaji huyu huandika saa ya kuondoka, anwani iliyoendewa, namba iliyorudi na muda uliotumika. Kama ombi limekufa njiani, huandika hivyo pia. Kazi yake ni kama ya karani wa geti, ambaye haongezi wala hapunguzi mzigo wa mtu.

Sehemu ya tatu huingizwa ndani ya ukurasa wenyewe. Hii huangalia mambo ambayo hayapiti getini: kitufe kimebonyezwa saa ngapi, maandishi yapi yamebadilika, onyo lipi limetokea likafutika. Hapa mafundi wapya hukwama mara nyingi. Kivinjari humweka mgeni huyu katika chumba chake. Anauona ukurasa wote, anaweza kusoma maandishi na vitufe, lakini haoni yaliyomo kichwani mwa programu ya ukurasa. Ni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, anayeona vyombo vyote lakini hasikii mazungumzo ya jikoni. Ukitaka asikie, lazima uombe kwa makusudi kipande chake kiwekwe jikoni, na ujue kwamba jikoni wenye nyumba nao wanaweza kumwona na kumvuruga.

Sehemu ya nne ni ubao wa matokeo. Kijana wetu aliandika humo maneno mepesi: "Imepokelewa", "Imekataliwa: mzigo mkubwa", "Seva yao ina hitilafu", "Hakuna jibu, angalia mtandao". Mhudumu asiyejua chochote kuhusu namba 413 anasoma ubao na kumwambia mteja ukweli.

Kuna mtego mmoja alionisimulia ambao ulimsumbua usiku wa kwanza. Katika taratibu mpya za Chrome, msikilizaji wa nyuma ya pazia hazuiwi kusinzia. Akikaa sekunde 30 bila kazi, kivinjari humzima ili kuokoa nguvu za mashine. Tukio linalofuata humwamsha, lakini yote aliyokuwa ameyashika kichwani tu huwa yamepotea. Na mtu anayejaza fomu hutumia dakika nyingi akitafuta namba za cheti. Kwa hiyo kila mara kumbukumbu zilianza upya, kurasa zikiwa nusunusu. Dawa yake ilikuwa kumfundisha msikilizaji aandike kila jambo papo hapo katika hifadhi ya kivinjari. Karani mwema huandika daftarini, hategemei kichwa.

Basi kiendelezi kilipowashwa, fomu ile ikajaribiwa tena na msichana mmoja aliyekuja na picha yake ya pasipoti. Jibu lilirudi kutoka kwa seva likiwa na namba 413. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa ilikuwa kubwa kuliko kiasi ambacho seva ile inakubali. Seva ilikataa na ikasema imekataa. Lakini fundi aliyeandika ukurasa aliuandalia neno la kusema pale tu mambo yakienda sawa. Hakuuandalia neno lolote la kumwambia mtu kwamba amekataliwa. Ukurasa ukabaki unazungusha kiduara. Picha ikapunguzwa, fomu ikaenda mara moja.

Hebu fikirini, wasikilizaji. Kosa lilikuwa la mistari michache ya maandishi katika ofisi ya mbali. Gharama yake ililipwa kwa nauli za watu wa Meatu na Busega, na mtu mmoja akapoteza nafasi ya mwaka mzima. Tena kila aliyerudishwa nyumbani aliondoka akiilaumu kampuni ya simu, au akiilaumu bahati yake mwenyewe.

Hata hivyo, siwezi kumaliza bila kuonya. Wahenga walisema macho hayana pazia, na mpimaji wa namna hii ana macho makali. Kiendelezi kinachoomba ruhusa ya kuangalia tovuti zote kinaweza kuona anwani zote unazotembelea, na kikiingia ndani ya ukurasa kinaweza kusoma hata neno la siri unapoliandika. Kwenye kompyuta ya steshenari, ambako kwa siku moja hupita namba za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na akaunti za watu kadhaa, mpimaji asiye mwaminifu ni mwizi aliyepewa kiti. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye duka anayekusanya taarifa za wateja bila idhini asidhani kwamba udogo wa duka lake utamkinga.

Kijana wa Bariadi alijiwekea masharti manne, nami naona yanafaa kufuatwa na kila fundi. Kiendelezi chake kinaangalia tovuti zilizoorodheshwa tu, wala si zote. Kinaandika anwani, saa, ukubwa na namba ya jibu, lakini hakiandiki yale mteja aliyojaza. Kumbukumbu haziondoki kwenye mashine ile kwenda popote, na hufutwa jioni. Na mteja huambiwa kwamba kipo. Ukiona kiendelezi cha bure kinachojidai kuharakisha intaneti huku kinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa, jiulize kinalipwa na nani.

Ni vizuri pia tujue mipaka ya chombo hiki. Kinaona yale tu yanayotoka na kuingia kwenye kivinjari chako. Hakioni kinachofanyika ndani ya seva, wala hakina haki ya kuingia humo. Anayejaribu kupenya mfumo wa mtu mwingine bila ruhusa hukutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo namba 200 haithibitishi kwamba ombi lako litashughulikiwa kwa haki. Inathibitisha kwamba limejibiwa vyema. Yatakayofuata baada ya hapo yanabaki mikononi mwa wanadamu. Wapimaji wa miaka ya 1950 nao walijua uzito wa mzigo, lakini bei ilipangwa kwingine.

Lakini ushahidi wa uzito si jambo dogo. Mtu anayekwenda ofisini na kusema "fomu yenu haifanyi kazi" huambiwa ajaribu tena. Mtu anayekwenda na karatasi inayosema "tarehe fulani, saa fulani, ombi langu lilifika, seva yenu ikajibu 413, na ukurasa wenu haukuniambia" ni vigumu kumrudisha nyumbani. Huyo mkuu wa kitengo mwenyewe atashukuru, maana ameletewa funza akiwa mkononi.

Ombi langu kwa ofisi zenye fomu ni fupi: kila jibu la kukataa liandikiwe sentensi ya Kiswahili inayosema nini kimekataliwa na kirekebishwe vipi. Kwa vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta, wanafunzi wapewe kazi ya kutengeneza wapimaji wa namna hii. Folda moja, mafaili machache na usiku mbili si gharama kubwa. Na kwa wewe unayekwenda steshenari kesho, kiduara kikizunguka bila kuisha usikubali haraka neno la "mtandao unasumbua". Mwombe mhudumu afungue ukurasa mwingine. Ukifunguka, basi muulize seva imejibu namba gani.